Isale na Seng'enge

Mpaka wa shamba ni kitu cha ajabu. Hauna upana wala uzito. Hauliwi, hauvaliwi, wala hauuzwi peke yake. Na mtu aweza kuuvuka mara kumi kwa siku, asubuhi akienda mtoni na jioni akirudi, asihisi kitu nyayoni. Lakini kwa ajili ya kitu hiki kisichoonekana ndugu wa tumbo moja wamenuniana hadi kaburini, mazishi yamekosa wachimbaji, na watoto waliozaliwa baada ya ugomvi wamefundishwa kutoitikia salamu za watu wasiowakosea neno. Mkulima aliyekopesha fedha huweza kulala usingizi. Yule ambaye jirani yake amemsogelea hatua moja hukesha.

Kwa kuwa mpaka hauonekani, watu wa kila nchi wameutafutia vazi. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki hupandwa mnyaa, ambao huota bila kumwagiwa maji, na utomvu wake mweupe, wenye kudhuru macho, huwafunza adabu mbuzi na wapitaji. Penye ukame mkonge hupangwa safu; pengine mbono, ambao mifugo hawaupendi; penye mawe, mawe; penye miteremko, mfereji wa maji. Wapima ardhi huzika chuma katika saruji na kukiita bikoni. Warumi wa kale walivuka hata hapo: walikuwa na mungu wa mipaka, jina lake Terminus, na sikukuu yake tarehe 23 Februari, ambapo majirani wawili walilijia jiwe la mpaka, kila mmoja kwa upande wake, wakalivika maua. Torati yamlaani mtu aondoaye alama ya mpaka wa jirani yake. Na hadithi za Mtume zamwonya mwenye kudhulumu shibiri moja ya ardhi kwamba atavishwa shingoni ardhi hiyo mpaka tabaka la saba. Watu waliotofautiana sana katika ibada wamekubaliana katika jambo hili, nalo si dogo.

Katika miteremko ya Kilimanjaro vazi la mpaka ni isale. Ni mmea wa jamii ya drasena, wenye shina jembamba lenye makovu ya majani yaliyoanguka, na juu yake kishungi cha majani marefu, ya kijani kibichi masika na kiangazi. Hauna tunda la kutamanisha wala mbao ya kujengea, na kuni zake ni duni. Kwa hiyo hakuna sababu njema ya kuukata. Tena waota kwa wepesi: kipande cha shina kikichomekwa ardhini wakati wa mvua hushika mizizi. Wachaga wameupa kazi nyingine, ambayo mgeni akiisikia hushangaa. Mtu aliyemkosea mwenziwe hulichukua jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka au akalituma kwa mkono wa mzee kuomba msamaha. Na ni vigumu mno, kwa desturi, kulikataa jani hilo. Mmea utenganishao mashamba ndio huo huo upatanishao wenye mashamba.

Ili kuelewa kwa nini hatua moja ya ardhi yaweza kuwa na uzito huko mlimani, hapana budi kukijua kihamba. Kihamba ni bustani ya nyumbani irithiwayo: juu miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na mboga. Ng'ombe hufungwa zizini, majani huletwa kwake, na samadi yake hurudi migombani. Nyumba imo humo, na makaburi ya wazee yamo humo. Kahawa ilipoanza kuleta fedha, hata wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925 na kisha chama kikuu cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, kila shina lilipata bei, na kila hatua ikawa na hesabu. Baadaye watu waliongezeka. Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa kuwa na watu 650,000 hivi mwaka 1967. Mwaka 2022 walizidi 1,800,000. Mlima haukuongezeka. Baba aligawa kwa wana wawili, na wana wakagawa kwa wana wao, hata vihamba vingi leo havifiki ekari mbili, na vingine ni ua wa nyumba tu wenye migomba pembezoni.

Palikuwa na mjane mmoja upande wa mashariki ya mlima, ambaye kihamba chake kilipakana kwa chini na kihamba cha shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Vilikuwa kihamba kimoja zamani. Baba mkwe alikikata vipande viwili kwa mstari uliokwenda kuupinga mteremko, kutoka kwenye mti wa mringaringa mpaka kwenye jiwe kubwa kando ya mfereji, kadiri ya mita 60, na akaupanda masale. Mume akapewa sehemu ya juu, mdogo wake sehemu ya chini. Mdogo alikwenda mjini kutafuta maisha, akawaachia vibarua shamba lake kwa miaka mingi. Mume aliugua, ugonjwa mrefu wa kwenda na kurudi hospitali, na katika miaka ile mkewe alikuwa akiliona shamba kwa kupita tu, kikapu cha chakula cha mgonjwa kichwani. Kisha mume akafa.

Shemeji aliporudi mlimani, mtu mzima sasa mwenye akiba yake, alitaka kufuga ng'ombe wa maziwa na kuku wengi, naye akaona afadhali azungushe ua. Alileta nguzo za miti na seng'enge, akawaagiza mafundi wafuate masale. Mafundi wakafuata. Katika kazi hiyo walikata migomba mitatu iliyowazuia, mmoja wao ukiwa na mkungu ambao haujakomaa.

Mjane alimwendea jioni, akamkuta amekaa barazani.

"Shemeji, habari za kazi?"

"Njema, shemeji. Karibu uketi."

"Nimekaribia. Lakini nguzo zako zimeingia migombani kwangu, shemeji. Kule kwa mringaringa zimeingia sana."

"Mringaringa gani, shemeji? Mimi nimefuata masale niliyoyakuta."

Wala hakusema uongo. Masale yalikuwapo, mabichi, yamesimama safu, na ua ulikwenda sambamba nayo kama askari wafuatao bendera. Mringaringa haukuwapo, ulikwisha kukatwa na kupasuliwa mbao. Hapo ndipo ilipoonekana ila ya isale. Ile sifa yake ya kuota popote lichomekwapo, ambayo hulifanya kuwa alama rahisi, hulifanya pia kuwa shahidi rahisi kununuliwa. Jiwe likisogezwa huacha shimo, na bikoni iking'olewa huacha saruji iliyovunjika. Lakini isale likihamishwa wakati wa masika, baada ya mwaka mmoja husimama katika udongo wa watu kana kwamba babu alilipanda.

Wana wa mjane, vijana wenye damu moto, walitaka kuzing'oa nguzo usiku uleule. Mama yao aliwakataza, na katika kukataza huko palikuwa na akili nyingi kuliko hofu. Mwenye kung'oa mali ya mwenziwe gizani hujigeuza mshitakiwa, hata ikiwa mali hiyo imesimama juu ya haki yake. Kesho yake watu hawaulizi tena mpaka ulipita wapi, huuliza nani alivunja ua. Lakini kukaa kimya nako kulikuwa na hatari. Sheria ya Ukomo ya Tanzania, ya mwaka 1971, yampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani tangu haki ya kudai ilipoanza. Baada ya hapo mlango hufungwa. Miaka 12 ni mingi kwa mtu aliyekaa kusubiri. Kwa mjane mwenye watoto wa kusomesha, hupita kama siku ya soko. Na hakuna aliyejua kwa yakini masale yalihama lini.

Yafaa kusema hapa jambo ambalo wajengao ua husahau. Ua hauonyeshi mpaka. Waonyesha mahali mwenye ua alipoona vema kuuweka. Mtu mwangalifu aweza kuurudisha ua wake nyuma, hatua moja ndani ya ardhi yake, apate njia ya kupita akifyeka au akitengeneza. Na huo ni uungwana. Lakini asipoandika neno wala kumwita shahidi, wajukuu watakuja kuuona ua, wasiione hatua iliyoachwa nje, na uungwana wa babu utakuwa hasara ya ukoo. Mwingine huuweka ua juu ya mstari wenyewe bila kumwambia jirani, akidhani kuwa gharama ikiwa yake na uamuzi ni wake. Majirani wote wawili wangetembea pamoja kwenye mstari kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, kazi ya saa moja, aghalabu kesi ya miaka mitano isingezaliwa.

Mjane alikwenda kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliweka katika kijiji baraza la watu saba la kusuluhisha ugomvi wa ardhi, na kati yao watatu hawana budi kuwa wanawake. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba haki ya mwanamke ya kupata ardhi na kuitumia ni sawa na ya mwanamume. Juu ya baraza la kijiji lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika mashauri ya ardhi bali husuluhisha, na likishindwa hueleza kwa maandishi kuwa limeshindwa, ndipo shauri lipande Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wako waliolalamika kwamba kwa badiliko hilo kata imenyang'anywa meno. Lakini katika ugomvi wa mpaka mpatanishi aliyekaa juu ya udongo wenyewe mara nyingi hufaa kuliko hakimu aliye mbali, kwa sababu ushahidi hauwezi kubebwa katika bahasha.

Kijana mmoja alishauri kwamba ipimwe kwa simu, au kwa chombo kidogo kipokeacho ishara za setilaiti, kama kile walichotumia wataalamu katika kutayarisha hati za hakimiliki za kimila. Shauri hilo lilipendeza masikioni. Lakini chombo cha mkononi cha namna hiyo hukosea kwa mita tatu, nne au tano hata mahali peupe, na chini ya migomba na miti mirefu hukosea zaidi. Chaweza kusema kihamba ki katika kitongoji gani, na ukubwa wake u kiasi gani kwa makadirio. Hakiwezi kuamua ugomvi wa hatua mbili. Viko vyombo vya wapima ardhi vyenye kupima hata kufikia sentimita, lakini navyo havijui historia. Hupima kwa uhakika mahali ambapo mtu amekwisha kuonyeshwa kwa kidole. Nchini Kenya, baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakulima waliambiwa wapande ua wa miti katika mipaka ya mashamba yaliyounganishwa upya, ili mistari ionekane katika picha zilizopigwa kutoka ndegeni. Ramani zilizotokana na kazi hiyo zilihesabiwa kisheria kuwa zaonyesha mpaka kwa makadirio tu. Aliyetaka kujua zaidi alipaswa kurudi shambani, pamoja na msajili wa ardhi na majirani. Hata macho ya ndege, basi, yalitegemea kile mkulima alichokipanda, na mahali alipokipanda.

Baraza lilipouliza mashahidi, wazee watatu walitajwa. Wawili walikwisha kufa. Wa tatu alikumbuka karamu ya siku ile, mbege iliyonywewa na mbuzi aliyechinjwa, lakini si mstari. Ndipo mmoja wa wale wanawake watatu barazani alipouliza swali ambalo wanaume hawakuwa wameliuliza: je, baba mkwe hakuwa na binti?

Alikuwa naye. Alikuwa wifi wa mjane na dada mkubwa wa shemeji, aliyeolewa mbali, upande wa pili wa mabonde mawili, mwanamke mzee sasa. Hakuna aliyemwita katika mgawanyo, kwa kuwa binti hakuwa na fungu katika kihamba. Na kwa kuwa hakuwa na fungu, hakuna aliyedhani kwamba ana kumbukumbu. Lakini masale hayakujileta yenyewe siku ile. Yalikatwa ng'ambo ya mfereji, yakafungwa mzigo, na mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha msichana wa miaka kumi na mmoja.

Wifi alikuja kwa miguu, akakataa chai mpaka kazi iishe. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe la mfereji, akalipiga kwa fimbo. Kisha akateremka na kupanda katika migomba upande wa pili, akazunguka, akasimama, akaomba jembe. Chini ya majani makavu na samadi, kimo cha shibiri, palitokea kisiki cheusi, kilichooza katikati na kigumu kandokando. Ulikuwa mringaringa. Kulikuwa na kimya kidogo; shemeji alikitazama kile kisiki kwa muda mrefu kuliko wengine.

Walivuta kamba kutoka kisikini hadi jiweni. Mwishoni mwa mfereji kamba na ua vilikutana juu ya jiwe lile lile. Mwishoni mwa mringaringa ua ulikuwa mita tatu juu ya kamba. Mzee mmoja alifukua majani chini ya kamba kwa mguu wake, akaita watu. Ardhi ilikuwa na ngazi pale, kingo ya udongo yenye kimo cha goti, ikifuata kamba karibu urefu wake wote. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimeuchukua udongo kutoka kihamba cha juu, masale ya kwanza yakauzuia shinani, kidogo kidogo, masika baada ya masika. Masale yaliondoka. Udongo haukuondoka nayo. Jembe la vibarua lilikuwa limeilainisha kingo ile, lakini kuifuta halikuweza.

Hesabu ilikuwa rahisi. Pembetatu ya mita 60 kwa mita tatu ina mita mraba 90. Ni kama sehemu moja ya 45 ya ekari. Mtu wa mjini angecheka. Lakini migomba hupandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, na katika mita mraba 90 yaingia migomba kumi. Kwa nyumba ambayo chakula chake ni ndizi, na ambayo mkungu mmoja uuzwao sokoni hununua daftari na sabuni, migomba kumi si kichekesho.

Nani aliyahamisha masale? Jambo hili halikujulikana, wala baraza halikulifuata, na yaelekea lilifanya vema. Yawezekana kibarua fulani, baada ya mringaringa kukatwa, alilima akipandisha kidogo kila mwaka, kisha akapanda masale mapya pale jembe lake lilipofika, ili shamba lipendeze. Yawezekana aliagizwa. Shemeji aliapa kwamba hakuagiza. Wana wa mjane hawakumwamini, na hadi leo mmoja wao hamwamini. Mjane alisema tu kwamba hakuja kutafuta mwizi, alikuja kutafuta mstari.

Lakini migomba mitatu ilikatwa na mtu ajulikanaye. Siku ya tatu shemeji alimtuma mzee wa ukoo, mkononi ana jani la isale lenye fundo, na nyuma yake mtoto amebeba kibuyu cha mbege. Mjane alilipokea jani kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango. Kisha akafanya jambo ambalo baadhi ya wazee walilinung'unikia. Alisema kwamba amesamehe, na kwamba msamaha wake hauna shaka. Lakini angependa mapatano ya mpaka yaandikwe, yatajwe kisiki na jiwe na urefu wa kamba, na watu wote waliosimama pale watie sahihi au dole gumba. Mzee mmoja akasema kwamba kuandika baada ya isale ni kulidharau isale. Wifi akamjibu kwamba isale limekwisha kuonekana likitembea, na karatasi nayo yafaa iangaliwe kama itatembea.

Iliandikwa. Nakala moja ilibaki kijijini, moja kwa mjane, moja kwa shemeji. Nguzo zilihamishwa kwa gharama ya shemeji baada ya kuvuna, kwa kuwa mjane alimpa muda huo bila kuombwa, na seng'enge ikavutwa upya, nusu hatua ndani ya upande wake. Hilo nalo liliandikwa. Migomba mitatu ililipwa kwa machipukizi ya migomba sita.

Mvua za kwanza za masika zilipoanguka walipanda masale mapya juu ya kingo ya zamani. Shemeji alishika ncha moja ya kamba, mwana mkubwa wa mjane ncha nyingine, hawakusemezana sana. Wifi alikuja tena, na safari hii alikuwa na kikapu cha mkaa kutoka jikoni. Katika kila shimo alitia konzi moja kabla ya kipande cha isale kuchomekwa. Wapima ardhi wa Roma walikuwa na desturi ya kufukia mkaa na vigae chini ya mawe ya mpaka, kwa sababu mkaa hauozi ardhini, na mtu akisogeza alama ya juu hukumbuki kusogeza ya chini. Mwanamke yule hakuwahi kusikia habari za Roma. Aliulizwa sababu, akasema kwamba mringaringa ulibahatika kuacha kisiki.

Kazi ilipokwisha masale yalikuwa 31. Wifi alimwita mjukuu wa mjane na mtoto wa mwisho wa shemeji, msichana na mvulana wa umri mmoja, akawatembeza kutoka kisikini hadi jiweni, wakihesabu kwa sauti. Walikosea walipofika ishirini. Akawarudisha kisikini, wakaanza tena.